Meneja anadai cheti cha bima kabla hujawasha mashine ya presha: soma mkataba kwanza

Mkuu, nimekusoma. Umepata kazi ya kuosha kuta na maegesho ya apatimenti hapa Columbus, meneja amekutumia kurasa za masharti ya bima na anataka karatasi imfikie kabla ya kusaini. Jamaa yako kakushauri ununue bima ya bei chee mtandaoni, upakue cheti, umtumie, yaishe. Waliotangulia kuchangia nao wanasema "chukua ya milioni moja tu, wanaridhika." Hapo natofautiana nao. Kazi hii ya presha nimeifanya Ohio kwa miaka, kwenye nyumba za watu, plaza na apatimenti, na ninachokwambia ni hiki: cheti si bima. Cheti ni karatasi ya kusema bima ipo.

Usinibishie mimi, kaisome yenyewe. Fomu wanayotumia karibu wote inaitwa ACORD 25, ukurasa mmoja. Juu kabisa, kwa herufi kubwa ambazo hakuna anayehangaika nazo, imeandikwa kwamba inatolewa kwa taarifa tu na haimpi anayeipokea haki yoyote. Kwa hiyo wakala wa bima anaweza kukutolea cheti safi, meneja akaridhika, ukaingia kazini, na siku maji yakizidi unga ukakuta ulichoahidi kwenye mkataba wa kazi hakimo kwenye bima uliyonunua. Ukiahidi kitu kwenye mkataba na bima yako haina, kampuni ya bima haikudai wala haikulipi. Ahadi ni yako, na anayeshtakiwa kwa kuvunja mkataba ni wewe.

Ndiyo maana mpangilio wa jamaa yako uko kichwa chini. Kwanza chukua zile kurasa za masharti, zitume kwa wakala kama zilivyo, umuulize kwa maandishi: kipi ninacho, kipi sina, na kukiongeza ni bei gani? Hapo ndipo unapopanga bei ya kazi, na kusaini kunafuata. Kwa mtu mmoja na mashine yake, bima ya dhima ya kawaida, ile inayolipa wengine ukiwaumiza au kuharibu mali yao, huwa mamia kadhaa ya dola hadi elfu na ushei kwa mwaka, haiui. Kinachouma ni vile viongezeo vya mkataba mkubwa ukishakubali bei ndogo.

Sasa, mkataba wa aina hii kwa kawaida hudai dola milioni 1 kwa tukio moja na dola milioni 2 kwa jumla ya mwaka. Hiyo ndiyo rahisi. Tazama kushoto kwenye cheti, kuna visanduku viwili, OCCUR na CLAIMS-MADE. Unataka alama iwe kwenye OCCUR, yaani bima inayoangalia tukio limetokea lini, si dai limeletwa lini. Halafu kuna safu mbili nyembamba zimebanwa katikati, moja imeandikwa ADDL INSD, nyingine SUBR WVD. Meneja mwenye uzoefu anakimbilia hapo kutafuta herufi Y. Ya kwanza inasema yeye ameongezwa kama mwenye bima wa ziada, akishtakiwa kwa sababu ya kazi yako anajikinga chini ya bima yako. Ya pili inasema kampuni yako ya bima ikishalipa haitamgeukia yeye kudai irudishiwe.

Lakini hiyo Y peke yake haitoshi, kinachohesabika ni nyongeza iliyobandikwa kwenye bima yenyewe. Utakutana na namba mbili, CG 20 10 na CG 20 37. Tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza inamkinga mteja wakati kazi inaendelea. Ya pili inamkinga baada ya kumaliza na kuondoka. Chukulia umeosha ngazi za nje Jumamosi, sabuni ikabaki kwenye kona bila kusuuzwa vizuri, mpangaji akateleza Jumanne asubuhi. Kazi imeisha, hose umeshakunja, uko kwingine kabisa. Kama mkataba ulidai zote mbili na wewe una 20 10 tu, huyo meneja hana kinga na anakuja kwako moja kwa moja. Bima nyingi za bei chee ninazoziona zina ile ya kwanza pekee.

Kuna nyongeza ya jumla inayomuingiza yeyote uliyeandikiana naye mkataba, bila kulipia kila mteja peke yake. Ukifanya kazi za biashara mara kwa mara, chukua hiyo. Ila angalia neno "mkataba wa maandishi": makubaliano ya simu hayahesabiki, na karatasi lazima iwe imesainiwa kabla ya ajali.

Kitu kidogo kinachochelewesha malipo ya watu wengi: majina. Apatimenti unayoiona ina jina zuri getini, lakini mwenye mali ni LLC (kampuni ya dhima yenye mipaka) yenye jina jingine kabisa, na anayesimamia ni kampuni ya tatu. Mkataba hutaka mwenye mali na msimamizi wote waandikwe, na tahajia ifanane. Usikisie. Muombe meneja akuandikie majina hayo kwenye barua pepe, ukayapeleke kwa wakala bila kugusa nukta. Na kama mkataba unadai bima impe mteja notisi ya siku 30 kabla ya kufutwa, wakala hawezi kuandika hivyo kwenye cheti kwa kukufurahisha. Fomu inasema notisi itafuata masharti ya bima yenyewe, basi. Nimesikia pia kuna wanaobadilisha tarehe kwenye PDF ili cheti cha mwaka jana kionekane kipya. Hiyo ni kughushi, na meneja akipiga simu moja tu kwa wakala umekwisha.

Tuje kwenye kitu ambacho wageni wa Ohio hukwama nacho. Mkataba wako unadai fidia ya wafanyakazi, yaani bima ya mfanyakazi akiumia kazini, na fomu ya ACORD ina mstari wake kabisa. Wakala wako hataujaza, na si uzembe wake. Ohio ni moja ya majimbo 4, pamoja na Washington, North Dakota na Wyoming, ambayo bima hii hainunuliwi kwa kampuni binafsi. Unaikata kwenye mfuko wa jimbo, BWC (Bureau of Workers' Compensation). Mtu wa Tanzania ataelewa haraka, ni kama WCF ya nyumbani, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa hiyo unapeleka karatasi mbili: ACORD kutoka kwa wakala, na cheti cha BWC chenye namba yako. Mwaka wa BWC kwa waajiri binafsi unaanza 1 Julai hadi 30 Juni, hivyo usishangae meneja akikudai kipya katikati ya msimu wakati ACORD yako bado ina miezi mbele. Ofisi zilizo nje ya jimbo huwa hazijui mambo haya na hurudisha makaratasi yako zikisema pungufu. Waeleze kwa adabu, ambatanisha cha BWC, na mwambie wakala akuongezee kile wanachokiita "stop gap", kwa sababu mfuko wa jimbo haugusi dhima ya mwajiri akishtakiwa na mfanyakazi nje ya fidia, na mkataba mara nyingi unaidai.

Ukiwa peke yako bila mfanyakazi hulazimiki kujikatia BWC, ingawa unaweza kujiunga kwa hiari, na baadhi ya mameneja watakwambia bila hiyo huingii. Lakini yule binamu unayempa cash Jumamosi ashike hose, huyo usijidanganye kwamba ni "mkandarasi." Akianguka na huna BWC, mfuko unamtibu kisha unarudi kwako kudai kila dola.

Ile sehemu ya kusoma kwa miwani sasa: yasiyolipwa. Bima ya kawaida ya dhima hailipi ile sehemu hasa unayoifanyia kazi ukiiharibu wakati wa kazi. Nilishuhudia hili kwenye kazi ya jamaa mmoja niliyekuwa nikimsaidia. Kijana wake alipanda na pua ya mashine ya nyuzi 15 akapiga karibu mno kwenye kuta za vinyl (vipande vya plastiki vinavyofunika ukuta kwa nje), kutoka chini kwenda juu. Vinyl imepangwa kama magamba, maji ya kutoka chini yanaingia nyuma yake. Yaliingia. Ndani, zulia na runinga ya mpangaji vililoa, na nje vipande vitatu vya vinyl vilipasuka. Bima ilimlipa mpangaji, ikakata kiasi ambacho jamaa alitakiwa kubeba mwenyewe. Vile vipande vya vinyl haikuvigusa, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vinaoshwa. Alivinunua kwa mfuko wake. Kwa hiyo ukimwambia mteja "nina bima, usijali," ujue unachoahidi. Kuna kampuni zinazouza nyongeza ya kurudisha kiasi cha kinga hapo, muulize wakala.

Dawa nazo. Wengi wetu tunatumia sodiamu haipokloriti (kama jiki, ila kali zaidi), nguvu yake kwenye pipa asilimia 12.5, tunaichanganya na maji kuua ukungu kwenye kuta na paa. Ikichuruzika ikaua maua ya mteja, au ikaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua, kampuni ya bima inaweza kusema huu ni uchafuzi, na uchafuzi haumo kwenye yanayolipwa. Mfereji ule unakwenda mtoni moja kwa moja bila kusafishwa, na maji ya kuoshea kuingia humo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya shirikisho ya maji safi ya 1972. Kwenye maegesho yenye mafuta ya magari, ziba mfereji na unyonye maji. Kama mkataba unadai bima ya uchafuzi, hiyo ni bima ya pembeni, usidhani imo.

Na angalia umeandikishwa kama nani. Zile bima za mtandaoni zinakuuliza kazi yako kwenye orodha, watu wanabonyeza "usafi wa ofisi" kwa sababu ni nafuu. Hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Unataka waandike kuosha kwa presha, nje ya jengo, na kama unapanda paa au unavuka ghorofa fulani, liwe limo. Nimeona bima zenye kikomo cha urefu kimefichwa ukurasa wa nyuma.

Gari ni fupi: la kazi lenye tanki na trela likatiwe bima ya biashara. Mikataba ya apatimenti hudai dola milioni 1 hapo pia.

Mwisho, kile kipengele cha kumlinda mteja "dhidi ya madai yoyote na yote." Kwenye mikataba ya ujenzi na matengenezo ya majengo, Ohio ina kifungu 2305.31 kinachobatilisha sharti la kukubebesha uzembe wa mwenye mali mwenyewe. Ila usikitegemee kama ngao, omba waandike "kwa kiasi kinachotokana na uzembe wa mkandarasi." Mameneja wengi hukubali ukiomba kabla ya kusaini, ukiomba baadaye hakuna anayejibu barua pepe.

Ukishapata jibu la wakala, lete hapa kile kipengele cha mwenye bima wa ziada na kile cha kumlinda mteja dhidi ya madai, futa majina, tukitazame neno kwa neno.