Nilichagua shule kwa wastani wa darasa la saba, na mwanangu akalipia

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, aliniuliza ni ipi kati ya shule tatu za msingi za serikali zilizo karibu naye itakayomfaa mwanawe atakayeanza darasa la kwanza Januari. Swali hilo liliniuma, kwa sababu mwenyewe nililijibu miaka minne iliyopita kwa kujiamini kupita kiasi.

Wakati huo tulikuwa tumepanga Ilomba. Niliyafungua matokeo ya Baraza la Mitihani, nikaorodhesha wastani wa shule nne kwa miaka mitatu mfululizo, kisha nikamwandikisha binti yangu katika ile iliyoongoza, ingawa ilimlazimu kuvuka barabara kuu kila asubuhi katikati ya malori yaendayo Tunduma. Wifi yangu alisema kwamba ninamtesa mtoto kwa kutafuta sifa. Nilinuna (na hadi leo sijamwambia kwamba alisema kweli).

Darasa la pili lilikwisha mtoto hajui kusoma sentensi moja. Nilipokwenda shuleni nilikuta wanafunzi zaidi ya mia moja wamebanana katika chumba kimoja na mwalimu mmoja, ilhali kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu. Walimu mahiri wote walikuwa wamepewa darasa la saba, ambalo lilikuwa kambini likijiandaa na mtihani. Wastani niliousifu ulikuwa wa hao wa darasa la saba. "Mama, hawa wadogo watasoma tu wakifika juu," mwalimu mmoja aliniambia, na maneno hayo bado yananichoma.

Nilimhamishia shule ya jirani, yenye wastani wa chini, ambako darasa la kwanza na la pili hufundishwa na mama mtu mzima anayemjua kila mtoto kwa jina. Mwezi uliopita binti yangu alifanya upimaji wa darasa la nne, na Jumapili alisoma somo kanisani bila kukwama hata mara moja. Mniruhusu nijivune kidogo.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, tuache kuuabudu wastani. Nenda shuleni mwenyewe asubuhi ya siku ya kawaida, uhesabu watoto wa darasa la kwanza, uulize ni nani anayewafundisha, kisha uombe daftari la mtoto wa jirani uone kama husahihishwa. Hesabu pia matundu ya vyoo, kwa kuwa tundu moja linapaswa kutumiwa na wasichana 20 au wavulana 25. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini uliza kuhusu mchango wa chakula, maana mtoto mwenye njaa hajifunzi katika baridi yetu ya Julai. Na narudia: uliza ni nani anayefundisha darasa la kwanza.

Wewe wa Uyole, fanya ziara hiyo kabla shule hazijafungwa Desemba, kwa sababu madarasa matupu hayatakuonyesha lolote.