Robo na sudusi hazijumlishwi hivyo
Dada, umesema mwanao wa darasa la tano kaandika 1/4 + 1/6 = 2/10. Usimgombeze. Muulize tu: mbona 2/10 ni ndogo kuliko ile robo uliyoanza nayo? Mwache ashangae kwanza.

Kisha ukipitia Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nunua mnofu wa sangara, mkaukate pamoja vipande 12 vilivyo sawa. Kwa nini 12? Ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 4 na 6, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili. Robo ni vipande 3, sudusi ni 2. Aviweke sahani moja kwa mkono wake: 5/12. Asili, ile namba ya chini, inabaki 12 kwa sababu ukubwa wa kipande haujabadilika. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kaa naye hapo. Akizidisha 4 kwa 6 kupata asili si kosa, ila atapata 10/24, arahisishe.