Mzee akivunjika nyonga, msimwache kitandani

Mama aliteleza saa 11 alfajiri akienda chooni, kwenye mawe ya nyumbani kwetu Ukerewe. Mguu wa kulia ukawa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Ukiona hivyo usiguse, tafuta usafiri. Sisi tuliita mkandaji. Akapaka mafuta, akavuta, Mama akapiga yowe hadi majirani wakajaa uani. Siku 3 zilipita ndipo tukapanda meli ya Nansio kwenda Mwanza. Siku hizo bado zinaniuma.

Hospitalini shangazi akaja juu: "Umri huu mnampasua wa nini? Afungwe mawe, mfupa utaunga wenyewe." Nilikaribia kukubali. Daktari akasema mfupa kweli unaweza kuunga, ila kuvutwa mguu kwa mawe ni kulala wiki 6 hadi 12, na humo ndimo huja vidonda vya kulalia, nimonia na damu kuganda miguuni. Chuma huwekwa ili mzee ainuke mapema.

Mama alivunjika chini kidogo ya shingo ya paja, ile sehemu nyembamba ya mfupa karibu na nyonga. Aliwekewa skrubu nene iliyopanda hadi kichwa cha mfupa, yaani ncha ya mviringo inayoingia kwenye nyonga, ikashikwa na bamba lililokazwa ubavuni mwa paja kwa skrubu ndogo. Ile nene huteleza kidogo ndani ya bamba, hivyo mgonjwa akikanyaga, mfupa unazidi kubanana. Mvunjiko wa shingoni penyewe ni habari nyingine: damu inaweza kukatika kwenye kichwa cha mfupa, na wazee wengi hubadilishiwa kichwa hicho. Kwa hiyo msijilinganishe na mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Tafuteni wachangia damu mapema, na ulizeni siku ya kwanza kama chuma kipo au mnanunua.

Alichomwa ganzi ya mgongo, akawa anasikia wanavyotoboa na kugonga. Anasema ni kama mafundi wa mitumbwi. Kesho yake akaja kijana wa mazoezi.

"Shikamoo bibi. Leo tunasimama."

"Marahaba. Anza wewe."

Alisimama, akilia, ameshika fremu ya kutembelea.

Nyumbani kilichotushinda ni choo cha shimo, maana kuchuchumaa hawezi. Tukatoboa kiti cha plastiki katikati, tukakiweka juu ya tundu. Sasa anatembea na mkongojo, lakini kiti hicho hakiazimwi mtu, hata shangazi.