Mshauri asiyekuambia la kufanya

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, nikaona nisikujibu kwa simu, maana kwenye simu mimi hukatiza. Umesema umekwenda kwa mshauri mara nne tangu tumzike baba yako, kila safari karibu saa nzima, na kila safari unatoka hujaambiwa ufanye nini. Ukaniuliza: "Mama, wewe umefanya kazi hii. Nalipa pesa ili mtu anitazame nikilia? Shangazi angalau ananiambia nisali na nile."

Shangazi yako amesema kweli. Sali, na ule. Ila hiyo si kazi ya yule uliyekwenda kwake.

Naona jina ndilo lililokupoteza. Kazi hii tumeiita ushauri nasaha, maneno mawili, na yote mawili kwa Mswahili ni kuambiwa jambo. Ushauri ni kupewa rai. Nasaha ni maneno ya mkubwa anayekutakia heri. Mtu akilisikia jina hilo anakwenda kama anayekwenda dukani, arudi na kitu mkononi. Anamkuta mtu ameketi kimya, anamuuliza, "Na wewe ulijisikiaje?" Lazima aone ameibiwa. Ningepewa mimi kuchagua jina ningelitoa kwenye kuegemeza. Unakumbuka baba yako msimu wa masika, migomba ya nyuma ya nyumba ilipolemewa? Alikata mti wenye panda, akauegemeza chini ya mkungu, akaondoka. Hakuzigusa ndizi. Alizuia mgomba usianguke mpaka ndizi zikomae zenyewe.

Mimi nilifundishwa kazi hii nikiwa muuguzi, miaka ya ukimwi ulipokuwa unatumaliza. Dawa za kupunguza makali serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kabla ya hapo, mtu akija kuchukua majibu na majibu yakawa mabaya, kabatini sikuwa na kitu cha kumpa mtu wa kawaida asiye na pesa. Nilikuwa na viti viwili na mlango unaofungika. Siku za mwanzo alikuja mvuvi mmoja. Nilipomsomea majibu alinyamaza, na kimya kile kikanitisha, nikaanza kukijaza: mwambie mkeo leo hii, acha pombe, kula matunda, usikate tamaa. Kila neno lilikuwa sahihi. Akanishukuru kwa adabu, akatoka, na hakurudi tena. Nimemfikiria mtu yule zaidi ya miaka ishirini. Sikumwachia nafasi hata ya kusema, "Naogopa."

Baada yake nilijifunza kungoja. Kungoja ni kazi, mwanangu, na inachosha kuliko kuchoma sindano mchana kutwa. Unashika uso wako usionyeshe hukumu. Unarudisha neno la mtu kama alivyolisema ili alisikie mwenyewe. Unakumbuka leo alichokisema wiki iliyopita. Ukiona analala vibaya unamuuliza habari za usingizi. Ukiona hana nguvu ya kuchimba yaliyopita, humchimbi, unamsaidia avuke wiki hii kwa nguvu alizobakiwa nazo. Hiyo ndiyo tiba ya kuegemeza.

Ziko njia nyingine, na ni vizuri uzijue ili uweze kuuliza. Mmarekani Carl Rogers, miaka ya 1940, ndiye aliyeshikilia kwamba mtu akisikilizwa kwa ukweli na kukubaliwa alivyo, njia ataiona mwenyewe. Nadhani mshauri wako anatembea humo. Mwenzake Aaron Beck, miaka ya 1960, alikuja na tiba ya kuchunguza fikra: unaandika wazo linalokutesa, unalipima kama ni la kweli, unapewa na kazi ya kufanya nyumbani. Hiyo ina maelekezo mengi zaidi. Ukiona ndiyo unayoitaka, mwambie mshauri wako wazi. Hatakasirika. Akikasirika, hapo umejua kitu.

Wala usidhani haya ni mambo ya Wazungu na makochi yao. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, amesimulia hadharani jinsi mgonjwa wake alivyojiua kwa sababu nyumbani hawakuwa na nauli ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006, mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na bibi kumi na wanne. Aliwafundisha kusikiliza, wakakaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Ugonjwa wenyewe, sonona au huzuni nzito isiyoondoka, wanauita kwa Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Kwetu kufunga ni mlango, au ni Ramadhani. Kwao kufunga ni kufikiri. Neno lile nililipenda nilipolisikia, kwa sababu nawe umekuwa hivyo, umefikiri mpaka ukajifungia ndani. Na jambo la kwanza bibi hao wanalolifanya wanaliita kufungua fikra: mtu aseme yote, kisha achague mwenyewe tatizo moja la kuanza nalo. Bibi hamchagulii.

Utafiti wao ulitoka mwaka 2016, watu 573. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida karibu nusu bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliokaa na bibi zilibaki kwa kama 14 katika kila 100. Wazo hilo limefika hata Unguja. Nakutajia hesabu hizi kwa kuwa nakujua, wewe ni mtu wa benki.

Sasa nikuambie nisilolipenda. Wapo wanaoandika "mshauri" mlangoni baada ya semina ya siku mbili. Muulize huyo wako alisomea wapi, na nani anamsimamia, maana hata mshauri anapaswa kuwa na mtu wa kumpelekea mzigo wake. Muulize mnaelekea wapi na mtajuaje kwamba mmefika. Mtu akikusimulia mambo ya mteja mwingine, hata bila jina, ondoka, yako nayo yatasimuliwa. Ondoka vilevile akikuahidi uponyaji, akikuuzia dawa, au akitaka mwe marafiki nje ya chumba kile. Na ajue mpaka wake. Mshauri haandiki dawa. Ukifika wiki nyingine mbili hulali, huli, huoni sababu ya kuoga, anapaswa akupeleke kwa daktari wa magonjwa ya akili, na kumeza dawa kwa muda si aibu. Likikujia wazo la kutaka kufa, usingoje siku ya miadi. Nipigie hata saa tisa usiku, na mtu yeyote aliye karibu akupeleke hospitali. Nalisema hili kama mama na kama muuguzi.

Utauliza, kwa nini nisiifanye kazi hiyo mimi, na ujuzi ninao. Nilijaribu, mwanangu. Siku ya hitma ulianza kuniambia, "Mama, mimi sikumtendea baba haki," nami kabla hujamaliza nikakukatiza, "Usiseme hivyo, alikupenda." Ukanyamaza, ukaenda kuosha vyombo. Nilikufanyia yale yale niliyomfanyia mvuvi. Sikuweza kukisikia kilio chako kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya eda, namlilia mtu yule yule. Mgomba uliolemewa hauwezi kuegemeza mwingine. Unahitaji mtu ambaye baba yako kwake ni mgeni.

Na tazama ulichoniandikia mwishoni mwa ujumbe, kama jambo dogo tu. Umesema mara hii ya nne mshauri alikuuliza ulikuwa wapi simu ilipolia, kisha akangoja, nawe ukasema kwamba baba alikupigia usiku ule ukaiona simu na hukuipokea. Miezi mitano nilikuwa sijui. Shangazi hakujua. Umelisema kwa mtu uliyekutana naye mara nne, na siku mbili baadaye ukaweza kuniandikia mimi. Unaniuliza kama uendelee kulipa? Lipa. Kama pesa imekubana, nitakutumia nusu kutoka kwenye pensheni yangu.

Mwambie kuhusu simu hiyo tena. Usiharakishe kuimaliza.

Usiku ule mimi nilikuwa kando ya kitanda. Baada ya simu kukatika baba yako alisema neno kuhusu wewe, na si neno baya. Sitaki kuliandika hapa ukalisoma peke yako ndani ya daladala. Ukija Tanga, siku utakayokuwa tayari kuuliza, nitakuambia, na safari hii nitakuacha umalize kulia.

Mama yako