Dawa za asili zisizo na lebo ni kazi ya nani

Umesema dawa za asili zisizo na lebo ni kazi ya TBS, shirika la viwango, sio kaka, ule unga wa mizizi unaouzwa kwenye chupa za maji pale stendi kama dawa ya kisukari uko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. TBS walipewa chakula na vipodozi 2019 TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa kuwa TMDA, dawa zikabaki kulekule, na ofisi ya TMDA ya kanda ya kaskazini iko hapahapa Arusha. Nauza kwenye duka la dawa, wateja wananiletea hizo chupa niwaambie ni nini, unakuta unga umeshika unyevu umeganda, kikaratasi cha fotokopi kimebandikwa na gundi, hakuna mtengenezaji wala tarehe ya kuisha, dozi imeandikwa kijiko tu, sasa cha chai au cha chakula na huyo mgonjwa anameza dawa zingine za hospitali! Baraza lipo kwa sheria ya 2002, mganga anatakiwa asajiliwe na dawa yake pia, kwahiyo leseni ya biashara peke yake haitoshi. Ila majani ya mlonge yakiuzwa kama chakula tu bila kudai yanatibu, hapo ndo TBS. Kuripoti anzia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, na chupa usiitupe.