Mdhamini wa Mdhamini: Barua kwa Mwanangu Aliye Philadelphia

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umepita penye sanamu ya Robert Morris hapo mjini, ukasoma kwamba ndiye aliyetafuta fedha za vita vya uhuru wa Marekani, kisha ukaambiwa alikuja kufungwa kwa madeni. Ukauliza: "Mama, alikuwa mjinga au mwizi?"

Mjinga hakuwa. Alisimamia fedha za nchi ile kuanzia 1781 hadi 1784, hazina ikiwa tupu, akitoa hati zenye sahihi yake mwenyewe na watu wakazipokea kwa sababu ya jina lake. Balaa lilianzia hapo. Miaka yote niliyokaa kwenye dawati la mikopo, mteja aliyenitia hofu kuliko wote ni yule ambaye hajawahi kuambiwa hapana.

Mwaka 1793 yeye na wenzake wawili, John Nicholson na James Greenleaf, walijifunga kununua viwanja 6,000 katika mji mkuu mpya, Washington, ambao bado ulikuwa mashamba na vichaka. Bei ilikuwa dola 480,000, zilipwe kwa miaka saba bila riba. Greenleaf aliahidi kuleta mkopo kutoka Amsterdam. Majeshi ya Ufaransa yakaiteka Uholanzi, mkopo ukayeyuka. Nao hawakusimama! Februari 1795 wakaanzisha North American Land Company, ekari milioni 6, sehemu kubwa ikiwa katika jimbo la Georgia, wakitumaini wahamiaji na matajiri wa Ulaya wangekuja kununua kwa bei ya juu.

Sasa tazama walivyojiendesha. Morris anaandika hati ya kuahidi kulipa, Nicholson anatia sahihi nyuma yake kama mdhamini. Kesho Nicholson anaandika yake, Morris anamdhamini. Kwa karatasi hizo wakalipia ardhi, wakalipia mafundi, wakalipia hata karatasi za zamani zilizofika siku ya kulipwa. Mwanangu, jambo hili nimeliona kwa macho yangu. Watu wawili wa ofisi moja wanakuja, huyu anamdhamini yule, yule anamdhamini huyu. Kwenye fomu unaona majina mawili, kumbe mfuko ni mmoja, nao umetoboka. Nilipochelewa kuligundua, aliyeumia hakuwa mkopaji peke yake, bali mke na watoto waliokuja kuona vyombo vikitolewa nje.

Hati za Morris na Nicholson zikafikia kuuzwa kwa senti chache kwa kila dola. Greenleaf alikwisha kuwauzia wenzake sehemu yake, lakini gereza halikumkosa. Morris akajifungia nyumbani kwake nje ya mji, wadai wakimvizia mlangoni. Februari 1798 akakamatwa, akapelekwa gereza la Prune Street. George Washington alimfuata humohumo, wakala chakula pamoja. Nicholson alifia kifungoni mwaka 1800.

Kuhusu neno la pili ulilouliza, nimelifikiria usiku kucha.

Morris alikwisha kuwauzia Waholanzi mamilioni ya ekari magharibi mwa New York kabla wenyewe, watu wa Seneca, wenyeji wa asili wa huko, hawajakubali kuziachia. Ilibidi wakubali ndipo mauzo yatimie. Kikao kikaitishwa mahali paitwapo Big Tree, mwaka 1797. Morris hakuthubutu kusafiri, angekamatwa njiani, akamtuma mwanawe Thomas. Chifu Red Jacket alikataa na kutangaza kikao kimefungwa. Thomas akazunguka, akawaendea wanawake na wapiganaji kwa zawadi na ahadi. Mwishowe, kwa dola 100,000, wakatoa karibu ardhi yao yote ya upande ule, wakabakiwa na vipande vichache vya kuishi. Hata fedha hizo hawakukabidhiwa mkononi, ziliwekwa kwenye hisa za benki.

Watu wale hawakuwa wamekopa kitu kwa mtu. Hawakuwa na sahihi hata kwenye karatasi moja ya Morris na Nicholson.

Morris alifunguliwa Agosti 1801, kwa sheria ya ufilisi iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Ardhi ile haikurudi. Basi neno "mwizi" ulilolileta, mimi silifuti.

Nipigie Jumapili nisikie sauti yako.

Mama yako