Umeumia kazini Marekani? Hakikisha imeandikwa

Maswali yafuatayo yametoka kwa wasomaji walioajiriwa Marekani. Majibu yanafuata kanuni za OSHA, mamlaka ya taifa ya usalama kazini. Baadhi ya majimbo yana mamlaka yake, na huko masharti yanaweza kuwa makali zaidi.

Mashine ilinikata kidole, nikashonwa nyuzi nne. Msimamizi anasema jeraha dogo haliandikwi. Ni kweli?

Si kweli, na usikubali. Kinachoangaliwa ni tiba uliyopata na jinsi jeraha lilivyoathiri kazi yako. Kusafishwa kidonda, kubandikwa plasta, hata sindano ya pepopunda, hiyo ni huduma ya kwanza na hailazimu kuandikwa. Kushonwa ni matibabu. Linaandikwa pia jeraha lililokufanya uzimie, lililokufanya ukose kazi siku iliyofuata au baadaye, au uhamishiwe kazi nyepesi. Mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kuliingiza kwenye Fomu 300, yaani rejista, na kujaza Fomu 301 inayoeleza lilivyotokea.

Wapo wanaomwambia majeruhi, "Kaa nyumbani, tutakulipa," ili rejista ibaki safi. Kama hukuweza kufanya kazi kwa sababu ya jeraha, siku hiyo inahesabiwa, ulipwe usilipwe. Wala mwajiri hana sababu ya kuogopa kalamu: kuandika si kukiri kosa. Pia hakukupi fidia papo hapo, kwani fidia ina utaratibu wake.

Tuko wafanyakazi wanane tu. Bosi anasema sheria hizi hazituhusu.

Yuko sahihi nusu. Kampuni ambayo mwaka uliopita haikuzidi watu 10 wakati wowote haidaiwi kuweka rejista. Lakini taarifa kwa OSHA inamhusu kila mwajiri aliye chini yake: kifo, ndani ya saa 8; kulazwa hospitalini, kukatika kiungo au kupoteza jicho, ndani ya saa 24. Saa zinahesabiwa tangu mwajiri au wakala wake ajue. Kulazwa kwa ajili ya uchunguzi peke yake hakumo.

Bega limeanza kuniuma taratibu kwa kunyanyua maboksi. Hakuna siku niliyoanguka. Nitaripoti nini?

Ripoti hilohilo bega. Maradhi yatokanayo na kazi yanahesabika sawa na ajali, na hata tatizo la zamani linahesabika iwapo kazi imelizidisha kwa kiasi kikubwa. Sema mapema, tena kwa maandishi, utaje kazi unayoifanya na lini maumivu yalianza. Watu wengi huvumilia miezi, kisha wanaambiwa waliumia kwao.

Kuna karatasi ya majeruhi imebandikwa ukutani tangu Februari. Ni ya nini?

Ni Fomu 300A, muhtasari wa mwaka uliopita. Inakaa hapo kuanzia 1 Februari hadi 30 Aprili, hata kama hakuna aliyeumia. Isome, na ukiona hesabu haifanani na yaliyotokea, uliza.

Nimeletwa na wakala wa ajira. Nani ananiandika?

Yule anayekusimamia kazini siku kwa siku, kwa kawaida kampuni ulikopelekwa. Mwarifu na wakala pia, ili wasitupiane mpira.

Nikiripoti, si watanifukuza?

Hofu hii naielewa, na inaficha majeraha mengi. Sheria inakataza kumfukuza, kumpunguzia saa au kumtisha mtu kwa sababu ameripoti kuumia. Likikutokea, una siku 30 tu za kulalamika OSHA, kwa hiyo usingoje mambo yatulie. Haijalishi hali yako ya uhamiaji. Kabla ya hapo, omba nakala ya Fomu 301 yako na ya rejista. Mwajiri anatakiwa kukupa kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata, bila malipo. Simu ya OSHA ni 1-800-321-6742.